Akwaponiki ya ndani ya nyumba Nairobi: anza na gramu za chakula, tangi baadaye

Kipimo cha kwanza cha akwaponiki, yaani kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yaleyale, si lita za tangi wala idadi ya samaki. Ni gramu za chakula zitakazoingia majini kila siku. Samaki anakula, anatoa amonia; bakteria waliojishikiza kwenye kokoto wanaigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati; mboga zinainyonya nitrati, na maji yanamrudia samaki yakiwa yanakalika. Karibu mbolea yote ya mtambo inapitia mdomoni mwa samaki. Ukikosea gramu hizo, ama mboga zitapauka kwa njaa, ama samaki watakufa kwa uchafu wao wenyewe, na pampu ya bei ghali haitakuokoa.

Mwongozo huu ni wa mtambo mmoja mdogo wa kona ya sebule au baraza iliyofungwa: tangi la lita 150 chini, na juu yake kitanda cha kokoto chenye nusu mita ya mraba. Hautalisha familia. Ukikomaa utatoa letusi mbili hivi kwa wiki pamoja na dania ya kuchumia mchuzi, basi.

Hesabu kwanza

Mboga za majani hutaka gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba. Kitanda chetu ni nusu mita, kwa hiyo gramu 20 hadi 25. Samaki aliyekwisha kukua hula asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa siku. Gramu hizo basi zinatosha samaki wenye uzito wa jumla wa kilo moja na nusu. Kilo moja na nusu katika lita 150 ni sawa na kilo 10 katika lita 1,000, msongamano ambao hata anayeanza anaumudu. Ukihesabu vichwa, ni samaki sita wa robo kilo. Sita. Si thelathini, hata kama muuzaji atakuambia vifaranga ni wadogo na nafasi ipo. Nunua wanane, kwa kuwa mmoja au wawili hufa njiani au wiki ya kwanza.

Sasa tazama mwanzo ulivyo. Vifaranga wanane wa gramu 15 wana uzito wa gramu 120. Wakila asilimia 5 ya uzito huo, ni gramu 6 kwa siku, chakula cha robo ya kitanda. Ndiyo maana mwezi wa kwanza unapanda miche mitatu au minne tu. Anayejaza kitanda siku ya kwanza huona majani ya njano wiki ya tatu, huongeza chakula cha samaki ili anusuru mboga, na wiki ya nne anazika samaki. Nunua mizani ndogo ya jikoni inayopima gramu; bila hiyo unabahatisha.

Mahali: uzito, jua, soketi

Maji ya lita 150 ni kilo 150. Kokoto za kawaida za kujaza kitanda cha lita 90 ni karibu kilo 140 zaidi. Ongeza stendi na mapipa, unapita kilo 300 kwenye eneo dogo kuliko meza ya kulia. Sakafu nyingi za nyumba za kuishi hupigiwa hesabu ya kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Kwenye nyumba ya chini iliyokaa juu ya ardhi hilo halina neno. Kwenye fleti ya gorofa ya nne lina neno kubwa: tumia mawe mepesi ya volkano badala ya kokoto (lita 90 zikiwa kavu hazifiki hata nusu ya uzito wa kokoto), uweke mtambo kwenye kona ambako boriti na ukuta vinabeba, na utandike mbao pana chini ya stendi ili uzito usambae. Kama huoni boriti iko wapi, punguza kila kipimo cha mwongozo huu kwa nusu. Na umwambie mwenye nyumba mapema. Maji yakimdondokea jirani wa chini, hadithi ya samaki haitasikilizwa.

Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii 1 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini au kusini hukosa jua nusu ya mwaka. Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima, na ndilo zuri. Hata hivyo fleti nyingi zinatazamana na ukuta wa jirani, na hapo ni taa. Tyubu tatu za LED nyeupe za wati 18, zikining'inia sentimita 30 juu ya mboga na kuwaka saa 14 kwa siku, zinatosha letusi, dania na mchicha. Hazitoshi nyanya, usijaribu. Lipe jua kitanda, ulinyime tangi: tangi likipigwa na jua, maji yanageuka rangi ya kijani kwa mwani.

Stima: taa zitakula uniti 23 hivi kwa mwezi, pampu ya maji na ya hewa uniti 6 kwa pamoja. Soketi iwe juu ya usawa wa maji, na kila waya uachwe ulegee uning'inie chini kidogo ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji likitambaa lidondokee sakafuni, lisiingie kwenye plagi. Usiweke ekstensheni sakafuni.

Baridi ndiyo inayochagua samaki

Kila anayeanza anataka ngege, yaani tilapia. Ngege hula vizuri maji yakiwa digrii 26 hadi 30. Chini ya 20 anadonoadonoa tu, karibu na 16 anaacha kula, na kwenye 11 au 12 anakufa. Kati ya Juni na Agosti, maji ya tangi ndani ya nyumba ya Nairobi isiyo na hita hukaa kwenye 17 hadi 20. Hapo ngege wako hafi, lakini hakui, na asipokula, mboga nazo hazili. Hita ya wati 150 yenye kidhibiti joto hutatua hilo, ila ikiwaka nusu ya siku ni uniti 54 kwa mwezi. Kulivisha tangi godoro jembamba la sponji na kifuniko hupunguza gharama hiyo, hakuiondoi.

Ushauri wetu: mwaka wa kwanza fuga samaki wa dhahabu, wale wa maduka ya samaki wa mapambo. Hawaliwi, kweli, lakini digrii 17 hadi 22 ndizo zao, wanavumilia makosa, na kinyesi chao ni mbolea sawasawa na cha ngege. Ukishaujua mtambo, uhamie ngege na hita. Vifaranga wa ngege hupatikana kwenye vituo vya kuzalishia, kikiwemo kile cha serikali cha Sagana, Kirinyaga. Uulize uzito wao, na kama ni madume watupu, kwa sababu wakichanganyika watazaana na hesabu yote iliyo hapo juu itavurugika. Kambare huvumilia uhaba wa hewa kuliko wote, lakini naye anataka joto, na usiku ataruka nje ya pipa lisilofunikwa.

Jambo moja zaidi linaletwa na mwinuko. Kwenye mita 1,800 hewa ni nyepesi: maji baridi ya digrii 20 yanayobeba miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita kule Mombasa hubeba takriban 7.3 hapa. Kwa hiyo pampu ya hewa yenye mawe mawili ya kutoa mapovu si ya hiari.

Maji

Maji ya mfereji yanayotoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ni laini, hayana chumvichumvi nyingi. Yana klorini, ambayo huua bakteria na kuunguza matamvua. Yaache kwenye ndoo wazi saa 48, au saa 24 ukiyapulizia hewa. Siku maji yanaporudi baada ya mgao, usichote yale ya kwanza ya rangi ya chai; yaache yapite.

Maji ya kisima kirefu, ambayo ndiyo maboza mengi (malori ya maji) huuza, ni habari nyingine. Mara nyingi pH yake (kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni kinyume chake) inapita 8 na yana magadi. Kwenye pH 8 sehemu ya amonia iliyo sumu ni karibu mara kumi ya ile ya pH 7, kwa amonia ileile. Kama huna mengine, yachanganye nusu kwa nusu na maji ya mvua, upime tena kabla ya kutumia. Weka akiba ya mitungi miwili ya lita 20 iliyokwisha kutulia, maana mtambo hupoteza lita 2 hadi 5 kwa siku kwa mvuke na mboga, na mgao haungoji.

Vifaa

Mapipa mawili ya plastiki ya bluu ya lita 210 yaliyobeba juisi, siki au mafuta ya kupikia. La dawa au sabuni usiguse. Ukitilia shaka, tia ndoo ya maji ya moto, funika, ufungue asubuhi unuse. Harufu ikikupiga, lirudishe. Pampu ya kuzama majini yenye maandishi ya lita 1,000 kwa saa na uwezo wa kupandisha mita 2. Ikipandisha sentimita 70 itakupa nusu ya hizo lita, na ndizo tunazotaka. Pampu ya hewa. Taima ya soketi inayoruhusu dakika 15. Konekta ya tangi ya inchi moja, bomba la inchi moja, kipande cha bomba la inchi 4, mpira wa kupandishia maji. Stendi ya chuma au mbao yenye kimo cha sentimita 90. Mafundi wa Kamukunji watakuchomea ukiwapa mchoro wenye vipimo. Vipimo vya matone vya pH, amonia, nitriti na nitrati, kwa sababu karatasi za kuchovya hudanganya kwenye viwango vidogo. Kokoto au mawe mepesi ya milimita 10 hadi 20.

Mawe yapime kwa siki: dondoshea tone, likitoa povu ni chokaa, litapandisha pH daima. Kokoto nyeusi za Nairobi kwa kawaida hazitoi povu, ila zina vumbi la machimbo ambalo huziba kila kitu. Zioshe karai kwa karai mpaka maji yatoke meupe. Ni kazi ya alasiri nzima, kwa hiyo usiipange siku ya mgao.

Kuunganisha

1. Pipa la kwanza likate juu, kwenye sentimita 75 hivi, liwe tangi. Lainisha ukingo kwa msasa. Litajazwa mpaka karibu sentimita 60, na juu utafunika kwa wavu.

2. Pipa la pili likate kwa urefu. Kila nusu ina kina cha sentimita 29 na urefu wa sentimita 90, kina kinachoifaa mizizi. Nusu moja ni kitanda; ya pili itahifadhi maji ya akiba. Angalia hapa: nusu pipa likijazwa mawe hupanuka ubavuni na kufunguka kama ganda. Stendi lazima iwe na fremu inayoshika mbavu zote mbili karibu na ukingo.

3. Toboa katikati ya kitako cha kitanda, funga konekta. Ndani simamisha bomba la inchi moja lenye urefu wa sentimita 22. Chini kabisa kwenye bomba hilo toboa matundu mawili ya milimita 6. Pampu ikiwaka, maji yanaingia kwa kasi kuliko yanavyotoka kwenye matundu, yanapanda mpaka mdomo wa bomba na kumwagikia humo kurudi kwenye tangi. Pampu ikizima, matundu yanakausha kitanda kwa muda wa robo saa na zaidi kidogo. Wengi watakushauri sifoni ya kengele, inayokausha kitanda yenyewe bila taima. Ni nzuri siku inayofanya kazi. Ikigoma, hujui kama ni uchafu, hewa au kasi ya maji. Taima na matundu hayana mafumbo.

4. Zungushia bomba hilo kipande cha inchi 4 chenye mikwaruzo ya msumeno pande zote, ili mawe yasiingie na wewe upate mahali pa kutia mkono kusafisha. Jaza mawe mpaka sentimita 27. Sentimita 5 za juu zibaki kavu daima. Zikilowa utafuga mwani na vijidudu vidogo vyeusi vinavyoruka sebuleni.

5. Pampu iketi juu ya tofali, sentimita 10 hivi kutoka chini. Mpira ukichomoka usiku, pampu itamwaga maji mpaka usawa wake na kuishia hapo, na samaki watabaki na kina cha kulala ubavu hadi asubuhi.

6. Weka taima dakika 15 kuwaka, 45 kuzima. Endesha siku mbili bila samaki, bila mboga. Pangusa kila kiungo kwa karatasi ya chooni. Unyevu mdogo kabisa utauona. Kitanda kikijaa, tangi hushuka kwa lita 30 hivi, ndiyo hali yake.

Kulea bakteria

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoua. Bakteria wa nitriti na wa nitrati hukua polepole, na kwenye maji ya digrii 18 polepole zaidi. Tenga wiki 4 hadi 6 msimu wa joto, hata 8 ukianza Julai. Kama unamjua mwenye mtambo au tangi la samaki lililokomaa, omba konzi mbili za mawe au sponji ya chujio lake, uzibebe zikiwa zimelowa. Zitakupunguzia wiki kadhaa.

Bila samaki ndani, tia amonia ya kuwalisha. Urea ya dukani ya agroveti inafaa: gramu 0.7 kwa mtambo mzima, iliyoyeyushwa kwenye kikombe. Ni chembe chache, si kijiko. Kijiko kimoja cha chai kingepandisha amonia kufikia kiwango cha kuwazuia bakteria wenyewe. Pima kila siku mbili. Kwanza amonia itapanda, kisha itashuka huku nitriti ikipanda, kisha nitriti nayo itashuka na nitrati kuonekana. Amonia ikikaribia sifuri, rudia gramu 0.7. Mtambo umeiva siku utakapotia amonia ya kutosha kusoma miligramu 2 kwa lita, na saa 24 baadaye amonia na nitriti zote ziwe chini ya 0.5. Kabla ya hapo, vifaranga wabaki dukani.

Kuingiza samaki na mboga

Elesha mfuko wa samaki juu ya maji dakika 20, kisha ongeza kikombe cha maji ya tangi kila dakika tano, mara nne. Wachukue kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage nje. Usiwalishe siku hiyo. Kesho yake anza na gramu 3, wiki inayofuata 6. Chakula kilichobaki baada ya dakika tano kitoe. Vifaranga wa ngege wanataka chakula chenye protini ya asilimia 35 au zaidi, wakubwa 30 kinawatosha.

Miche ioshwe udongo wote mizizini. Letusi, mchicha, mnanaa na leki hazina shida. Dania isihamishwe, mbegu zake zitupwe moja kwa moja kati ya mawe. Sukuma wiki huota vizuri mno, na ndiyo tatizo lake: mche mmoja ukifika mita moja utawapa kivuli wenzake wote.

Yanayoharibika

pH itashuka yenyewe, kwa kuwa kazi ya bakteria huzalisha asidi na maji yetu laini hayana cha kuizuia. Ilenge kati ya 6.5 na 7. Ining'inize soksi yenye maganda ya mayai yaliyosagwa au chokaa ya kilimo mahali maji yanapodondokea; huyeyuka kadiri asidi inavyozidi. Ikifika 6 bakteria wanalala na amonia inaanza kurundikana.

Majani machanga yakiwa ya njano na mishipa yakabaki kijani, ni madini ya chuma yamekosekana, kwani chakula cha samaki hakina ya kutosha. Agroveti wanauza chuma aina ya DTPA. Ya asilimia 6, tia gramu 6 kila wiki tatu au nne. Maji yatabadilika rangi siku chache, usishtuke. Majani ya zamani yakiwa ya njano ni nitrojeni: una mboga nyingi kuliko samaki, ng'oa baadhi.

Samaki wakipanda juu kuvuta hewa asubuhi, angalia mapovu kwanza, kisha pima nitriti. Ikipita 1, acha kulisha, badili theluthi ya maji, uweke gramu 1 ya chumvi kwa kila lita. Stima ikipotea, mboga zinaweza kungoja, samaki hawangoji. Pampu ya hewa ya USB ya wati 2 ikichomekwa kwenye pawabanki ya 10,000 mAh hukupa saa kumi na zaidi. Stima ikirudi, rekebisha taima ya mshale, kwani imebaki nyuma kwa saa zote zilizopotea na taa zitawaka usiku wa manane.

Dawa ya kupuliza ya mbu na mende ni sumu kali kwa samaki, na pampu ya hewa huivuta na kuipeleka majini moja kwa moja. Usipulize chumba hicho. Wafukizaji wa jengo wakija, funika tangi kwa nailoni na uzime pampu ya hewa ya kawaida. Iliyo kwenye pawabanki ifungie ndani ya nailoni hiyo. Vidukari kwenye mboga wafute kwa kidole chenye maji. Kila wiki fyonza kwa mpira lita 5 hadi 10 za tope la chini ya tangi. Maua ya barazani yatalipenda.

Na Desemba utakapokwenda ushago, usimwachie jirani kopo la chakula. Samaki wakubwa hukaa wiki nzima bila kula wala wasikonde. Ukichelewa zaidi, fungasha vikaratasi vyenye gramu zilizopimwa, kimoja kwa kila siku mbili, uandike tarehe juu ya kila kimoja, na kopo ulifungie kabatini.